Mkasi wa Mama

Kaka yake Orpha alirudi kutoka vitani, akatundika ukutani mkanda wa shanga za buluu, kisha akakaa kula maharage.

Orpha aliutambua mkanda ule. Aliushona mwenyewe kwa ajili ya mumewe, huko kwa Wakomanchi, kabila la Wahindi Wekundu waliomteka utotoni wakamlea, kabla kaka huyuhuyu hajamrudisha nyumbani amefungwa kamba.

Alichukua mkasi wa mama yake, akakata misuko yake yote miwili. Mmoja uliangukia buti la kaka yake.

"Afadhali, mwanangu," mama akasema. "Leo umeuacha ushenzi wao."

"Hivi ndivyo mjane wao anavyoomboleza, mama." Mkasi hakuuweka chini. "Na kisasi hulipizwa na ndugu wa marehemu. Mume wangu hakuwa na ndugu; alikuwa na mimi tu."