Mgongo wa Siwema

Wallahi haya ni kweli tupu; nikikutwa nimetia chumvi, kahawa ya baraza zima nalipa mimi.

Siwema alitokwa na mkanda wa jeshi mgongoni, pale mkono wake usipofika. Aliyempaka dawa ya tyubu ni wifi yake Tabu, mpika achari. Mara mgongo ukawaka, Siwema akapiga ukelele uliong'oa bati mbili za paa.

"Umenipaka pilipili, mchawi wewe. Hapa kwa kaka yako unatoka leo leo."

"Mikono nilinawa kwa sabuni, wifi. Isome karatasi ya dawa."

Siwema aliichomoa kwenye kiboksi, akaisoma kwa sauti ili majirani wausikie uongo wa Tabu. "Dawa hii huweza kuchoma au kuwasha kwa muda baada ya kupakwa..."

Tabu alikuwa keshafika mlangoni na kinu chake. Dawa ni mara tano kwa siku, na hiyo ilikuwa ya kwanza. Siwema hakuomba radhi. Aliteremsha kanga, akageuza mgongo, akangoja.

Bati? Haya, mmenikamata, nyumba ile ni ya makuti. Muuza kahawa, wamiminie.