Anwani Iliyoitika

Fundi alichomoa waya wa mtandao kwenye kompyuta kongwe yenye mfumo wa Unix, iliyoendesha pampu za maji. Akahamia kompyuta ya jirani, akaandika amri ya kuiita anwani ya ile aliyoichomoa. Hakuna aliyepaswa kuitika.

Ikaitika.

Ndiyo maana tangu asubuhi kwenye skrini tangi lilionekana mara limejaa, mara tupu: kompyuta mbili ziligombea anwani moja, na moja ilikuwa inadanganya. Huko hospitalini, walikotegemea pampu hizo, mabomba yalikuwa yamekauka.

"Aliyefanya hivi leo kazi hana," meneja alisema nyuma yake.

Waliufuata waya mwingine wa mtandao mpaka stoo. Chini ya turubai, kompyuta pacha iliyotolewa kazini zamani ilikuwa inanguruma. Fundi alitangulia kufunua. Mgongo wa mashine ulikuwa wa moto, na juu yake kulikuwa na miwani, mkono wake mmoja umefungwa kwa waya mwekundu.

Kiganja cha fundi kiliifunika miwani hiyo kabla hajafikiri.

"Nani kaiwasha?" meneja aliuliza.

Mlangoni alitokea mjomba wa fundi, aliyemfundisha kazi na ambaye hakukubali mashine izikwe ingali na roho.

"Kuna nini, jamani?" aliuliza, huku akikaza macho na kupapasa mfuko mtupu wa shati.