Nukta Moja Nyekundu

Alifunga mlango wa chumba kwa ufunguo, akaacha redio ikiimba ndani, kisha akatokea uani viatu mkononi. Acha dada wa mumewe adhani bado amelala.

Tangu mume aende kufanya kazi mbali, yule dada mtu alikuwa hampi nafasi ya kupumua. "Utarudi saa ngapi? Umekula? Mbona macho mekundu?" Simu aliyoiacha sebuleni aliikuta imehamishwa, imejaa chaji. Viatu vyake vilisogezwa hadi mlangoni, vikapigwa rangi. Nani hupiga rangi viatu vya mwenzake bila sababu?

"Ananipekua," alijiambia, "halafu anampelekea kaka yake umbea."

Ndiyo maana juzi alibadilisha neno la siri la wifi, mwenzake akakosa tamthilia zake. Wala hakulalamika. Hilo nalo lilimtia shaka.

Kazini, kwenye kituo cha kukabili maafa, mhudumu wa mapokezi alimdokeza, "Yule mama wa kwenu kapiga tena jana. Anauliza kama umefika salama."

"Huyo ananichunga, shoga yangu. Usimjibu."

Leo ilikuwa siku ya jaribio la kushtukiza. Mfumo wa tahadhari aliubuni yeye mwenyewe. King'ora kinalia, kila nyumba inapata ujumbe mfupi wa simu kwamba mto umefurika, watu waondoke. Wakishatoka wanajibu, na nukta yao kwenye ramani inageuka kijani. Mtaa uliochaguliwa ulikuwa wa kwake. Nyumbani hakumwambia mtu. Hasa yule.

"Zote zikiwa kijani, kitengo kizima utakiongoza wewe," mkurugenzi alimwambia mbele ya wageni waliokuja kushuhudia. "Ikibaki hata moja, tunachukua mfumo wa wenzetu. Haya, zimeni simu zenu."

King'ora kikalia. Nukta zikageuka moja moja, kisha kwa mafungu, mpaka ramani ikawa kama shamba baada ya mvua. Wageni wakaanza kupiga makofi.

Ikabaki moja, nyekundu. Hakuhitaji kusoma anwani. Nyumbani kwake.

Jibu likatokea kwenye skrini kubwa: BILA WIFI SIONDOKI.

Ukumbi ukaangua kicheko. "Jamani! Maji shingoni, mwenzetu anadai intaneti!" mkurugenzi alisema, akipangusa macho.

Yeye hakucheka. Kwa hiyo ni lile neno la siri. Kumbe hakulalamika kwa kuwa alingoja siku ya kumwaibisha mbele za watu.

"Huyo mkorofi tu," alisema. "Tumwondoe kwenye hesabu."

"Mkorofi naye huzama, mama." Mkurugenzi alichukua simu ya upepo. "Waokoaji, ingieni nyumba hiyo mkamtoe."

Walisubiri. Kisha simu ya upepo ikakoroma. Kwa mbali ulisikika muziki wa redio, na kishindo, na kishindo kingine, halafu sauti ya mwokoaji anayehema.

"Mkuu, huyu mama tumemvuta, hatoki. Anavunja mlango wa chumba kwa mchi, mikono inamtoka damu, na kilio ni kimoja tu: 'Wifi, amka! Wifi yangu, maji haya, amka twende!'"