Picha ya Kuweka Mbele ya Jeneza

"Wifi, picha ya kaka iko wapi?" Nakijwa aliniuliza taratibu, waombolezaji wasisikie. "Jeneza limeshafika."

Sikuwa nayo. Siku hizi anayeajiriwa hupigwa picha moja nzuri, na picha hiyo ndiyo inayofanya kazi. Inatokea kwenye simu za wateja, inaongea nao, inatabasamu, huku mwenyewe amekaa nyumbani analipwa mshahara. Sharti ni kwamba uso huo usionekane kwenye picha nyingine yoyote. Mume wangu Elisante alilishika sharti hilo kuliko amri za Mungu. Alifuta mpaka picha za harusi yetu. Kwenye kipaimara cha binti yetu, yeye ndiye aliyeshika kamera. "Mama Upendo, nafanya haya kwa ajili yenu," alikuwa akisema, na kweli tulikula vizuri.

Nikapiga simu benki alikoajiriwa. Kioo kikawaka, akatokea mume wangu na suti ya kijivu, na tai niliyomfunga kwa mikono yangu siku ya kupigwa picha. Hana mvi hata moja.

"Karibu. Nikuhudumie nini?"

Nikamwambia naomba picha yake tuiweke mbele ya jeneza, tukishazika tutairudisha.

"Samahani, mama. Picha hii iko kazini."

Kisha akainamisha kichwa, kwa upole uleule ulionifanya nikubali posa yake.

"Pole sana kwa msiba," akasema. "Marehemu alikuwa nani wako?"