Doti Mpya ya Bi Zuwena

Miezi mitatu sasa, Mashavu hajauza hata mchoro mmoja wa maua. Michoro yake ya kanga aliishusha bei, akaweka mtandaoni sampuli kubwa zaidi, kila moja kaiandika chini kwa herufi nene: LIPA NDIPO UCHUKUE. Watu walitazama wakapita.

Alikuwa akiifungasha kompyuta akaiuze, jirani yake Bi Zuwena akaingia na doti mpya ya kanga.

“Nimekuletea, mwanangu. Sokoni wanazigombania! Na maneno yake, wallahi, yamenikuna.”

Mashavu akaikunjua. Maua yalikuwa yake. Na pale panapokaa jina la kanga, mwizi wa sampuli alikuwa ameyaacha maneno yaleyale: LIPA NDIPO UCHUKUE.

“Jifunge basi nikuone,” alisema Bi Zuwena, na tayari alikuwa anamkazia fundo kiunoni.