Panya Kumi na Wawili

Kila asubuhi Idara ya Matokeo ilitangaza sentensi moja ya utafiti, na makabati ya jikoni nchi nzima yaliitii hadi kesho yake. Leo sentensi ilikuwa, "Chumvi huua." Kabati la Sikudhani lilijifunga, kopo la chumvi likiwa ndani.

Mwanawe Zaituni alikuwa akiharisha tangu juzi, kama watoto wengi wa mtaa ule. Midomo ilimkauka, macho yakazama.

"Mchanganyie maji, sukari na chumvi," alihimiza mama mkwe wa Sikudhani, Bi Mwanahawa.

"Chumvi imefungwa, mama."

"Kafunga nani? Miaka sabini naila. Huyo msemaji kanizika lini?"

Sentensi ile aliiandika Sikudhani mwenyewe jana, kule idarani. Ripoti ilieleza kwamba panya kumi na wawili walilishwa chumvi tupu, wakafa tisa. Mkubwa wake alitaka maneno mawili tu, naye akawaondoa panya.

Alipiga simu kazini. "Irekebisheni, tafadhali. Wale walikuwa panya!"

"Una utafiti unaopinga?"

"Nina mtoto anakufa."

"Pole, dada. Mmoja ni sampuli ndogo mno. Wakifika kumi na wawili, piga tena."

Bi Mwanahawa alikuwa keshashika mchi wa kinu, anaupigapiga mlango wa kabati. Mlango haukubonyea. Alipopumzika, kishindo kama hicho kilisikika nyumba ya pili, kisha ya tatu.

Sikudhani alimkumbatia Zaituni, akajikuta anahesabu vishindo.