Kijiko cha Bi Biret

Siku ya nne sasa, katika nyumba ya kutunzia wazee, Bi Biret alikuwa hajaonja kitu. Gunhild, mlezi wake, alisogeza kijiko cha supu, kikongwe akageuza uso ukutani. Macho yalikwisha kufa, na ugonjwa wa kusahau ulikuwa umemfutia Kinorwe chote. Alibaki na Kisami chake tu, lugha ya wafugaji wa kulungu wa theluji wa kaskazini.

Mkalimani wa simu ndiye aliyewapa sababu. Hatakula mpaka aje Ánte, mwanawe wa pekee, aliyeondoka akiwa na miaka kumi na saba asirudi tena. Watamjuaje? Sikio la kushoto, mama alijibu. Siku moja baba mtu akiwakata ndama wa kulungu masikio kuwatia alama ya kundi, mtoto naye alinyakua kisu akajikata lake, eti awe wa kwao.

Simu ilikuwa haijapoa akaingia mwanasiasa Trond Skaugen na mpigapicha wake. Uchaguzi ulibakiza siku tisa. Huyu bwana alipanda ngazi miaka ishirini kwa kudai vibao vya Kisami ving'olewe barabarani na wakalimani wafukuzwe, na sauti yake ya kunguruma ilijulikana nchi nzima. Gunhild alimchukia wala hakuficha.

"Si unajifanya unaweza kila kitu? Haya, msaidie huyu. Anakufa kwa kumngoja mwanawe."

Skaugen alimtazama kikongwe kitambo. Akalaza vizuri nywele zake mwenyewe zilizofunika masikio, kisha akamnong'oneza Gunhild.

"Mwambieni kafa. Akikata tamaa atakula."

"Una roho mbaya, bwana."

"Nyinyi ndio mnaomuua, dada, kwa kumpa matumaini."

Akatoka. Gunhild alimsonya, lakini siku nne ni nyingi, na daktari hakuwa na jingine. Akapiga simu tena. Mkalimani akamwambia kikongwe kwa Kisami kuwa Ánte kafa.

Bi Biret alisikiliza mpaka mwisho. Alipofungua mdomo, Gunhild akaharakisha kijiko. Kumbe, mkalimani akafasiri, alikuwa anauliza ni nani aliyemzika mwanawe. Kisha akajifunika blanketi mpaka usoni.

Gunhild alikwenda mbio hadi maegesho ya magari, amwambie Skaugen alichosababisha. Skaugen alikuwa akipigwa picha chini ya bendera, anacheka. Upepo wa bahari ukazirusha nywele zake. Aliziba sikio la kushoto kwa kiganja upesi, lakini Gunhild alikwisha kuliona pengo la kisu.